Ni Nini Kilichoiua Thairista? Kutafuta Ubovu kwenye Vigeuzi Umeme vya Viwandani

Mara ya tatu ndipo tulipokubali kwamba tunakosea. Kilikuwa kiwanda cha nondo. Mota kubwa ya DC ilikuwa ikizungusha roli zinazobana chuma chekundu, na ndani ya paneli ya mota hiyo kulikuwa na thairista sita, yaani swichi za silikoni zisizo na kitu kinachosogea, zilizopangwa mistari miwili. Ya tatu katika mstari wa juu ilikuwa imekufa tena. Mara ya kwanza tulibadilisha thairista na fyuzi zake, tukawasha, mashine ikaenda siku kumi na mbili. Mara ya pili tukafanya vilevile, ikaenda wiki tatu. Sasa msimamizi wa zamu alikuwa amesimama nyuma yetu, jasho likimtoka, akauliza swali ambalo sisi mafundi ndio tuliopaswa kuliuliza tangu siku ya kwanza: “Jamani, kwa nini ni hiyohiyo kila mara, na zile tano zinapata umeme uleule?”

Jibu la swali lake nitalifikia. Kwanza nataka kueleza namna ya kuitafuta thairista mbovu kwa utaratibu, kwa sababu nimeona mafundi hodari, watu waliobobea kwenye mota na kontakta, wakifika mbele ya paneli ya thairista wanaanza kubahatisha. Wanabadilisha kadi za elektroniki, wanabadilisha fyuzi, wanabadilisha thairista yenyewe, na mashine ikiwaka hakuna anayejua ni kipi kilichoiponya. Kuna jambo limenigharimu usingizi mwingi kulijifunza: thairista iliyoungua mara nyingi ni maiti tu, na kazi ya fundi ni kumtafuta muuaji.

Mlango na mlinzi wake

Thairista ilizaliwa Marekani. Watafiti wa maabara za Bell waliielezea mwaka 1956, na mwaka uliofuata General Electric ikatengeneza za kwanza za kutumika viwandani. Jina lake limeunganishwa kutoka thairatroni, taa ya gesi iliyofanya kazi hiyo zamani, na transista. Ndani yake kuna kisahani cha silikoni chenye tabaka nne, na nje kuna ncha tatu: anodi, kathodi na geti.

Ichukulie kama mlango unaopitisha watu upande mmoja tu, na mlinzi amesimama pembeni. Mlinzi ndiye mwenye ufunguo wa kufungua, lakini akishafungua hana uwezo wa kufunga. Mlango utajifunga wenyewe watu watakapokwisha kupita. Ndivyo thairista ilivyo. Umeme hupita kutoka anodi kwenda kathodi. Geti likipewa mpigo mdogo wa umeme, mlango hufunguka. Mkondo ukishafika kiwango cha kujishikilia, geti halina usemi tena mpaka mkondo ushuke karibu na sifuri. Kwenye umeme wa AC, unaogeuza mwelekeo wake kila mara, mkondo hushuka wenyewe kila mzunguko, kwa hiyo kila mzunguko mlinzi hupata nafasi mpya ya kuamua afungue mapema au achelewe. Akifungua mapema, volteji ya DC inakuwa kubwa. Akichelewa, inakuwa ndogo. Mota inakwenda kasi au polepole kwa uamuzi huo tu.

Kifaa hiki bado kipo kila mahali penye umeme mwingi. Kipo kwenye chaja za betri za vituo vya umeme, kwenye softi stata (vianzisha mota taratibu) za pampu, kwenye tanuri za kuyeyushia chuma chakavu, kwenye mapipa ya kupaka chuma kromu. Umeme unaotoka Ethiopia kuingia Kenya kupitia kituo cha Suswa, kwa laini ya DC ya kilovolti 500 yenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,000, hugeuzwa kwa thairista. Kolwezi, kule Katanga nchini Kongo, imekuwa ikipokea umeme wa bwawa la Inga kwa njia hiyohiyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa laini ya takriban kilomita 1,700.

Katika kiwanda cha kawaida utakutana zaidi na daraja la thairista sita, yaani sakiti inayogeuza AC kuwa DC. Fezi tatu zinaingia, na kila fezi ina thairista mbili, moja ya juu inayokwenda kwenye chanya na moja ya chini inayotoka kwenye hasi. Namba zake, kuanzia 1 hadi 6, hufuata mpangilio wa kuwaka, ndiyo maana juu utakuta 1, 3 na 5, na chini 4, 6 na 2. Fundi asiyejua hili huhangaika sana na michoro. Wakati wowote zinawaka mbili, moja juu na moja chini. Kwa umeme wetu wa hezi 50, mzunguko mmoja ni milisekunde 20, na ndani yake kuna zamu sita, kwa hiyo kila baada ya milisekunde 3.3 zamu inahama. Ukitazama volteji ya DC kwenye osiloskopu, chombo kinachochora umbo la volteji kwenye kioo, utaona vilima sita vinavyofanana, vimepangana kama meno ya msumeno. Vilima hivyo sita vishike kichwani, maana utavihitaji.

Dalili kwanza, mita baadaye

Thairista huugua kwa njia tatu. Inaweza kupiga shoti, yaani mlango umeng’oka na umeme unapita pande zote. Inaweza kukataa kuwaka, mlango umekwama. Na inaweza kuwaka wakati haijaitwa. Ya kwanza ndiyo inayotokea zaidi, na ndiyo rahisi kuigundua. Ya pili hujificha. Ya tatu ndiyo inayowatoa watu machozi.

Iliyopiga shoti hujitangaza kwa kishindo. Unafunga kontakta, na mara tu jirani yake wa mstari uleule anapowashwa, fezi mbili zinakutana kupitia ile iliyoharibika. Fyuzi mbili zinakwenda kwa pamoja. Kwa hiyo ukikuta fyuzi mbili zimekatika, usidhani una thairista mbili mbovu. Huenda ni moja. Lakini usimsahau yule jirani, kwa sababu mkondo wote wa ajali ulipita kwake. Mpime naye kwa makini kuliko wengine.

Isiyowaka ina hila. Mota bado inazunguka. Mita ya mkondo mlangoni mwa paneli inaweza hata kusoma kama kawaida, kwa sababu draivu, yaani mfumo mzima unaoiendesha mota, inaona mkondo umepungua na inafidia kwa kuziwasha zile tano mapema zaidi. Ubovu unafunikwa na mfumo uleule uliowekwa kulinda. Utakachosikia ni sauti: mota inanguruma kwa uzito, na transfoma nayo inavuma kuliko jana. Brashi za mota zinaanza kutoa cheche. Pima kwa klampu mita fezi zote tatu. Kama moja iko chini waziwazi kuliko wenzake, umeshaijua familia yenye mgonjwa. Osiloskopu itakwambia zaidi. Kwa kuwa kila thairista hushiriki zamu mbili zinazofuatana, isipowaka moja vilima viwili vya jirani hupotea, linabaki pengo kama la meno mawili yaliyong’oka.

Hapo kwenye osiloskopu niseme jambo kwa uzito wote. Usikate waya wa ethi ya osiloskopu ili “isipige shoti”. Nimeona ikifanywa, na nimeona chombo chenyewe kikigeuka kuwa boksi la chuma lenye volti mia kadhaa juu yake, mtu akilishika kwa mkono mtupu. Tumia probu ya tofauti, ile iliyotengenezwa kwa volteji kubwa, au usipime kabisa.

Mita na mitego yake

Zima umeme wote, weka kufuli yako na kibao chenye jina lako, kisha pima kuthibitisha kwamba kweli umeme haupo. Pima fezi kwa fezi, fezi kwa ethi, chanya kwa hasi. Kama paneli ina benki ya kapasita, kama zilivyo draivu nyingi za AC, kumbuka umeme wa volti 400 ukigeuzwa DC hufika kama volti 540 hadi 565, na kapasita huendelea kuushikilia baada ya swichi kufunguliwa. Subiri muda ulioandikwa kwenye paneli, kisha pima tena.

Sasa mita kwenye omu. Kati ya anodi na kathodi, pande zote mbili, thairista nzima husoma ukinzani mkubwa sana, laki kadhaa za omu au zaidi. Ikisoma karibu na sifuri, imekufa. Kati ya geti na kathodi utapata omu chache, mara nyingi kati ya 5 na 50 kwa zile kubwa, na usishangae zikikaribiana ukigeuza waya za mita. Wengi hutegemea geti lisome kama dayodi safi, wakiona omu 15 pande zote wanaitupa thairista nzima. Imetengenezwa hivyo makusudi. Mbaya ni geti linalosoma sifuri kamili, au lisilosoma kitu kabisa.

Kuna mtego ambao umewatia hasara watu wengi. Unapima kutoka chanya kwenda fezi ya kwanza: sifuri. Fezi ya pili: sifuri. Ya tatu: sifuri. Unaandika kwenye karatasi kwamba thairista tatu zimekufa na kuagiza tatu. Kumbe mbovu ni moja. Waya za transfoma zimeziunganisha fezi zote tatu kwa ukinzani mdogo mno, na mita inaizunguka njia hiyo na kurudi kwenye ileile iliyopiga shoti. Mota nayo inafanya hivyohivyo upande wa pili: kupitia amecha yake (waya za sehemu inayozunguka), thairista ya juu ikiwa shoti, ya chini ya fezi hiyo itaonekana shoti pia. Kwa hiyo ng’oa fyuzi za fezi, fungua waya za mota, ndipo upime. Kama ni softi stata, au draivu ya kurudisha umeme kwenye laini yenye thairista 12, kila moja ina pacha aliyefungwa kinyume chake. Hapo mita haiwezi kukwambia ni yupi kati yao. Watenganishe.

Mtego mwingine uko kwenye zile za umbo la kidonge, kama kisahani kinene cha kauri, zinazobanwa katikati ya vipoza joto viwili. Kisahani cha silikoni ndani hakijaunganishwa vizuri mpaka kibanwe kwa nguvu, kuanzia kilonewtoni chache hadi makumi kadri ukubwa unavyopanda. Ukiitoa na kuipima mezani ikiwa huru, majibu yake hayana maana. Ibane kwanza.

Balbu ya gari, kisha mega

Mita ya mkononi hutoa miliampea moja hivi. Thairista ya ampea 500 haiwezi kujishikilia kwa mkondo huo, kwa hiyo mita inaweza kukuonyesha iliyopiga shoti, lakini haiwezi kukuhakikishia kwamba nyingine inawaka. Hapo ndipo ninapopenda kifaa kisicho na gharama: betri ya volti 12 na balbu ya gari ya wati 21, ile ya breki.

Unganisha chanya ya betri kwenye balbu, balbu kwenye anodi, na kathodi kwenye hasi. Balbu ikae giza. Ikiwaka kabla hujafanya lolote, umeshapata jibu. Sasa chukua rezista ya omu 47, iwe ya wati 5 ili isikuunguze vidole, uguse nayo kutoka chanya ya betri kwenda geti. Geti litapata kama robo ampea. Balbu inapaswa kuwaka ghafla, na ukiondoa rezista iendelee kuwaka. Mkondo wa balbu ni ampea 1.7 hivi, unatosha kuzishikilia thairista nyingi za viwandani. Kata hasi ya betri kidogo kisha rudisha: balbu izimike na ibaki giza. Ikiwaka ulipogusa geti na kuzimika ulipoachia, huenda haijishikilii. Jaribu na balbu kubwa zaidi kabla ya kuihukumu. Fanya jaribio hilohilo kwa ndugu yake mzima. Hakuna kipimo bora kwa fundi kuliko kulinganisha na ndugu mzima, maana ana umri uleule na aina ileile.

Lakini volti 12 si volti 400. Kuna thairista zinazofaulu mezani na kuanguka zikikutana na umeme halisi, kwa sababu ngozi yake ya kuzuia volteji imeshadhoofika. Kilele cha umeme wa volti 400 ni kama volti 566, ndiyo maana kwenye laini hiyo huwekwa thairista za volti 1,200 hadi 1,600. Kuipima ngozi hiyo natumia mega, mita inayopima ukinzani kwa volteji kubwa, kwenye volti 500. Thairista iwe imetolewa kabisa kwenye sakiti, geti limefungwa na kathodi kwa kipande cha waya, na isiwe imeunganishwa na kadi yoyote, la sivyo utaichoma kadi. Pima pande zote mbili na ulinganishe na ndugu zake. Usitafute namba ya kitabu. Tafuta yule anayetofautiana na wenzake.

Hapo pia ndipo hukamatwa wale wagonjwa wa joto, wanaofanya kazi asubuhi na kuangusha mashine saa nane mchana. Umeme unaovuja ndani ya thairista huongezeka sana inapopata joto, na nyingi zina kikomo cha nyuzi 125 ndani ya silikoni. Dhaifu huvuka mpaka kabla ya kikomo hicho na kujiwasha yenyewe bila mpigo. Ukiipima ikiwa imepoa itakwambia ni nzima, na itakuwa inasema kweli. Ipime mara tu baada ya mashine kuanguka, ikiwa bado na joto lake.

Mlinzi asiyepewa amri

Thairista ikiwa nzima kwa vipimo vyote na bado vilima viwili havipo, tatizo liko kwa anayemwamuru mlinzi. Fuata njia ya mpigo kwa kurudi nyuma: waya wa geti, soketi yake, transfoma ndogo ya mipigo, kadi yenyewe. Kwa uzoefu wangu, waya na soketi ndizo zinazoongoza. Waya mbili za geti na kathodi husokotwa pamoja ili zisidake kelele za umeme, na fundi akizitenganisha kwa haraka na kuzipitisha kando ya waya za nguvu, thairista itaanza kuwaka ovyo.

Kumbuka pia kwamba katika daraja hili kila thairista hupewa mipigo miwili, wa pili ukifuata baada ya milisekunde 3.3, kwa sababu lazima mbili ziwake pamoja ndipo mkondo upate njia. Mpigo wa pili ukipotea, daraja linaweza kwenda vizuri likiwa na mzigo mkubwa na kukataa kuanza likiwa na mzigo mdogo.

Njia nzuri ya kutenganisha kadi na thairista ni kubadilishana kadi mbili zinazofanana kabisa, uone kama ubovu unahama. Kadi, nimesema, si waya za geti. Ukizibadilishana waya za geti za fezi mbili tofauti, utaziwasha kwa wakati usio wao, na daraja zima litakulipukia usoni.

Kurudi kiwandani

Usiku ule wa mara ya tatu hatukubadilisha mara moja. Tuliichukua iliyokufa, ya umbo la kidonge, tukakata ukingo wake wa chuma na kuifungua ili tutazame silikoni. Kidonge cha namna ile unaweza kukifungua kwa uangalifu, lakini moduli (thairista zilizofungiwa ndani ya boksi) za zamani zisizojulikana usizivunje kamwe, maana baadhi zina kauri ya beriliamu oksidi, na vumbi lake ni sumu kali kwa mapafu.

Kisahani cha silikoni hubeba historia ya kifo chake. Ukikuta shimo kubwa limeyeyuka katikati, chuma kimechemka na kuganda, iliuawa na mkondo mkubwa: shoti upande wa DC, au fyuzi isiyo sahihi. Ukikuta doa dogo la moto karibu na geti, mkondo ulipanda kwa kasi kuliko eneo la kuwaka lilivyoweza kutanuka, au mpigo wa geti ulikuwa dhaifu. Ukikuta kitundu pembeni kabisa, ukingoni, hiyo ni volteji iliyopita kiasi, ikatafuta njia ya mkato kwenye ngozi.

Chetu kilikuwa na kitundu pembeni. Kidogo kama ncha ya pini, kimezungukwa na duara jeusi, na sehemu nyingine yote ya kisahani ilikuwa inang’aa kama kioo. Tulikitazama kwa lenzi, tukipokezana. Basi haikuwa mkondo. Ilikuwa volteji, na volteji iliyokuwa ikiipiga hiyo moja tu.

Thairista inapojifunga, mkondo hukatika ghafla na volteji huruka juu kwa muda mfupi mno. Ili kuimeza miruko hiyo, kila thairista huwekewa snaba, yaani rezista na kapasita zilizofungwa mfululizo na kuunganishwa sambamba nayo. Tulipima rezista za snaba zote sita, moja baada ya nyingine. Tano zilisoma omu 33. Ya thairista ya tatu haikusoma kitu. Kwa macho ilikuwa nzima, kauri nyeupe na maandishi yake yote. Tulipoifungua na kuigeuza ndipo tulipoona ufa mwembamba kama unywele upande wa chini, mahali ilipoegemea kwenye bamba. Roli zilikuwa zikiitikisa miaka yote. Rezista ya bei ndogo sana ilikuwa imekatika, na thairista zetu za bei kubwa zilikuwa zikisimama bila ngao, mara 50 kila sekunde, mpaka ngozi inachoka. Siku kumi na mbili. Wiki tatu.

Tangu hapo sibadilishi thairista bila kupima snaba, na kapasita yake pia, kwa sababu kapasita huzeeka na kupungua kimyakimya. Natazama varista za kuzuia radi kama zimepasuka. Na fyuzi nazichunguza kuliko vyote, maana hapo ndipo ninapokasirika. Fyuzi ya thairista ni ya aina yake, ya kukata haraka sana, iliyopimwa iachie nishati ndogo kuliko ile thairista inayoweza kuvumilia. Fyuzi ya kawaida ya ampea zilezile inaingia kwenye kishikio, mashine inawaka, watu wanapiga makofi. Siku ya shoti, thairista ndiyo itakayokatika kuilinda fyuzi. Mwenye kiwanda analipa mara kumi ya alichookoa, na mara nyingi haambiwi kwa nini.

Kuhusu upozaji sitasema mengi, kwa sababu tiba yake inajulikana: chujio lililoziba kwa vumbi na feni inayozunguka kinyume au polepole. Ila tazama uso wa kipoza joto pale thairista ya zamani ilipolipukia. Mara nyingi umechimbika. Mpya ikikalia uso wenye mashimo itapoa nusu tu.

Kufunga mpya

Kabla ya kununua, soma namba zote. Volteji na ampea hazitoshi. Kwenye tanuri za kuyeyushia chuma, upande wa kigeuzi unaotoa mizunguko mamia kwa sekunde hutumia thairista za kujifunga upesi, ndani ya makumi ya maikrosekunde. Ukiweka ya kawaida, ya hezi 50, yenye volteji na ampea zilezile, haitawahi kujifunga kabla ya zamu inayofuata, na italipuka palepale. Ipime mpya kwa balbu kabla ya kuifunga, hasa kama imetoka dukani bila karatasi zake. Zipo sokoni zilizofutwa maandishi na kuandikwa upya.

Safisha nyuso zote, paka grisi ya kupitisha joto kwa utando mwembamba kiasi cha kuona chuma chini yake. Moduli zenye boliti za M6 nyingi hutaka karibu newtonimita 5 kwenye kipoza joto, na zikazwe kwa kupokezana, usimalize moja kabla ya nyingine. Za kidonge hubanwa kwa kibano chenye kipimo chake cha nguvu; nati zote zizungushwe sawasawa ili kisahani kisibanwe upande mmoja. Hapa spana ya kukisia kwa mkono haina nafasi.

Usiwashe moja kwa moja na mota. Funga balbu tatu za wati 200, zile zenye waya unaowaka ndani, mfululizo mahali pa mota, ukitaka weka safu mbili au tatu za namna hiyo, kisha washa volteji ikiwa chini na uipandishe taratibu huku ukitazama osiloskopu. Ikiwa kuna kosa la wiring, balbu zitakuonyesha bila kuunguza kitu.

Tulifanya hivyo alfajiri ile. Tulibadilisha rezista zote sita, kwa kuwa zile tano zilikuwa na umri uleule na zilitikiswa na roli zilezile, na mpya tukazilaza juu ya vipande vya mpira wa silikoni. Balbu zikawaka nyekundu, kisha njano, kisha nyeupe. Kwenye kioo cha osiloskopu vilitokea vilima sita, urefu mmoja, bila pengo. Msimamizi wa zamu alivihesabu kwa kidole, akarudia mara ya pili, ndipo akaenda kuwaamsha vijana wa tanuri. Thairista tuliyoifunga asubuhi ile, ya nne mahali palepale, ilikuwa bado inafanya kazi nilipoondoka kiwandani miaka minne baadaye.